Bangili Juu ya Mkeka

Nimechoka kumkumbuka yule mzee, lakini akili yangu haina adabu. Nikikaa tu na sindano mkononi, yeye huyo. Tulimwita Papa Sonara. Jina lake lipo na ukoo wake upo, na anayetaka kuujua aende akawaulize wenyewe, mimi sitaugusa. Ninachokijua ni miaka kumi na minne ya kukaa naye baraza moja, mimi na cherehani yangu upande wa mlango, yeye na makaa yake upande wa ukutani, hapa kwetu Kalemie, ambako Wazungu miaka ile ya hamsini walikuita Albertville. Kwa miaka mitatu niliwaambia watu kwamba mzee huyo alimwokoa binti yangu Zaina na ndoa mbaya. Niliwaambia sokoni, niliwaambia msikitini. Zaina mwenyewe hakusema hivyo hata siku moja.

Alikuwa mwembamba, mabega yameanguka mbele kwa kupulizia moto miaka na miaka kwa kile kibomba chake cha mdomoni. Ukimwambia habari za asubuhi anajibu, "Tumeamka," na kwisha. Alikuwa amechoka kabla kazi haijaanza. Mwanzoni niliudhika, maana mimi ni mtu wa maneno, na cherehani bila maneno ni kelele tupu. Kisha nikaelewa kidogo. Kwake watu hawakuja kwa furaha ya bure. Walikuja kwa sababu mtu anaoa, ao mtu amekufa na watoto wanagombea hereni zake, ao mume amefukuza mke na mke anataka kujua ameondoka na nini. "Hakuna muntu anakuja kwangu sababu amelala vizuri," aliniambia. Basi akawapokea wote kwa uso ule ule, na wengine wakasema ana kiburi.

Watu wakati ule waliheshimu muhuri. Ukiwa na buku ya utambulisho yenye muhuri wa biro, yaani ofisi ya serikali, wewe ni mtu. Ukikosa, polisi anakuuliza umetoka wapi na unakwenda kwa nani. Dhahabu nayo waliichukulia hivyo hivyo: ikiwa na namba, maneno yamekwisha. Siku za mvua, wateja walipokosekana, mzee alinifundisha kuzisoma zile namba ndogo kwa kioo chake cha jicho. Namba 750 ilikuwa kwenye vitu vya Wazungu. Maana yake ukiigawa pete sehemu elfu moja, mia saba na hamsini ni dhahabu, zilizobaki ni shaba na fedha za kuitia nguvu. Ndiyo ile wengine wanaita karati kumi na nane. Namba 916 ilitoka ng'ambo, kwa Wahindi wa Kigoma, karati ishirini na mbili, njano iliyoiva na laini, ukiiminya inakubali. Na ile 375, karati tisa, ilikuja na vitu vya Waingereza. Hiyo aliishika kwa vidole viwili kama samaki aliyelala tangu juzi. "Hii njo bukari ya muhogo," alisema, na bukari ndiyo ugali wetu. "Wametia kiganja kimoja cha mahindi, kiisha wanakuambia kula mahindi."

Lakini alipomaliza kunifundisha namba, akaanza kunifundisha kutoziamini. "Namba inaandikwa na muntu," alisema, "na muntu anataka kula." Yeye mwenyewe alikuwa na misumari ya chapa kwenye kopo la maziwa, tarakimu zote, na vitu alivyovitengeneza kwa mikono yake hakuvipiga namba yoyote. Nikamwuliza sababu. Akasema wateja wake wanajua anakaa wapi. Alichokiamini ni jiwe lake jeusi na chupa yake ya maji makali. Anasugua kitu kwenye jiwe mpaka kinaacha mstari, anadondosha tone moja juu ya mstari, anangoja. Dhahabu inabaki. Shaba inachemka kijani na kupotea, unabaki unatazama jiwe tupu.

Yale maji makali yaliwahi kunitia aibu. Tone moja liliruka likaangukia kanzu ya imamu wetu niliyokuwa nimemaliza kuishona, likatoboa kifuani tundu la kupitisha kidole. Nikapiga kelele pale, nikasema yote yaliyonijia mdomoni. Mzee hakusema pole siku ile, wala kesho yake. Siku ya tatu nilipofika nilikuta kitambaa kipya cheupe kimekunjwa juu ya cherehani yangu, na yeye amenipa mgongo anapuliza moto. Nikashona kanzu nyingine, na jambo lile halikutajwa tena. Ndivyo alivyokuwa. Kosa lake aliweza kulilipa, kulitaja hakuweza.

Kuna mama mmoja mchuuzi alishuka na treni kutoka Nyunzu, shingoni mkufu mrefu wa kumfika tumboni. Alikuwa ameununua kwa jasho la misimu miwili na alitaka tu kusikia sifa. Namba ilikuwepo, 750, safi kabisa. Mzee akageuza mkufu, akatazama namba imekaa wapi. Ilikuwa kwenye kifungo, pale unapofungia nyuma ya shingo. Akasugua kifungo: dhahabu. Akasugua mkufu: kijani. Akamwambia, "Mama, kifungo kinajishuhudia chenyewe." Yule mama alimtukana kuanzia adhuhuri mpaka karibu alasiri, akamwita mchawi, akamwita mwenye wivu, nami nikaacha kushona ili nisikie vizuri. Mzee alimwacha aseme mpaka achoke, kisha akamtolea maji ya kunywa. Mama akayanywa, akalia kidogo, akauliza kama kifungo peke yake kinaweza kutoa hereni za mtoto. Kilitoa.

Mahari ilikuwa na utaratibu wake, na huo ndio nataka muujue sawasawa. Zamani zile familia za Waislamu wa hapa ziwani, zile za wazee waliokuja na biashara, hazikupokea dhahabu ya mahari kabla haijapita kwa Papa Sonara. Pande mbili zinakuja, zinakaa kwenye mkeka mbele yake. Anasugua, anadondosha, anangoja, anafuta jiwe. Ikiwa kitu ni cha kweli, anasimama na kukiweka kwa mikono miwili katika mikono ya mzee wa bibi arusi. Ikiwa si cha kweli, anakilaza juu ya mkeka mbele ya aliyekileta, na kurudi kwenye makaa yake. Hatamki neno. Mwenye kitu anaokota, watu wanaondoka, na mtaani wanaweza kusema walishindwana juu ya jambo jingine. Alisema neno likitoka linafika sokoni kabla yako, lakini kitu kilicholazwa mkekani kinaweza kuokotwa. Na hakuna aliyemwuliza kitu. Kuuliza kungekuwa kumlazimisha aseme kwa sauti, na nani anataka aibu yake isemwe kwa sauti?

Tena alikuwa na heshima nyingine ndogo. Bangili ya bibi arusi hakuisugua upande wa nje. Aliisugua ndani, pembeni mwa namba, ili mwari asije akavaa mkwaruzo siku ya arusi yake. Mimi niliona adabu hizo mbili nikajivunia kukaa baraza moja na mtu kama huyo.

Hakuwa malaika, msinielewe vibaya. Alidanganya umri wake, akipunguza ao kuongeza kulingana na nani anauliza. Alikuwa mchoyo wa makaa. Aliichukia dhahabu, hakuvaa hata pete, na mkewe alivaa bangili za shaba mpaka mauti yake, lakini jioni alifagia vumbi la chini ya meza yake kwa unyoya wa kuku na asingeacha chembe. Na mara moja nilimwona anasema uongo. Mchuuzi mmoja mgeni alikuwa ameuza mjini pete za kung'aa, zote na namba, kisha akapotea. Watu wakapanga mstari barazani kwetu. Mzee akazilaza mkekani moja baada ya nyingine, macho mekundu. Wa mwisho alikuwa mjane, bibi kizee aliyejinunulia pete kwa sababu ile ya mumewe walimzika nayo. Nikaona mstari unavyochemka kijani. Mzee akafuta jiwe haraka, akasimama, akaiweka ile shaba katika mikono ya yule bibi kwa mikono yake miwili. Bibi akambusu vidole. Alipoondoka nikamtazama mzee, naye akaniambia nishone.

Sasa nije kwa yule kijana wa Zongwe, aliyetaka kumwoa Zaina. Alifanya kazi ya kupakia mizigo relini, kijana mrefu, mpole, mikono mikubwa. Alikuwa mteja wangu. Aliniletea suruali moja niitie kiraka, kisha ile ile nimpunguzie mguu, kisha nimrefushie, na kila mara alikuja karibu na saa sita mchana, saa ambayo Zaina aliniletea chakula barazani. Mimi si mjinga. Mama yake Zaina alikuwa amekwisha fariki, na nyumbani tulikuwa sisi wawili tu, kwa hiyo kijana alipomtuma mjomba wake kutoka Zongwe, alimtuma moja kwa moja kwangu. Nikasema sawa, leteni dhahabu tuone. Sisi ukoo wetu una heshima zake.

Walileta bangili moja. Mama ya kijana alikufa akamwachia hiyo tu: nene, nzito, ndani ina namba 916 iliyofutika kidogo. Tukakaa mkekani, mimi, kijana, na mjomba wake mvuvi ambaye alikuwa bado ananuka ndagala, dagaa wa ziwa letu. Zaina alikuwa amesimama pembeni ya ukuta na chakula changu. Mzee akasugua ndani, pembeni mwa namba. Akadondosha. Mstari ukachemka kijani. Akafuta, akasugua tena pale pale, ukachemka tena. Akaitazama namba kwa kioo muda mrefu. Halafu akailaza bangili juu ya mkeka mbele ya mjomba, na kurudi kwenye makaa.

Kijana akasema, kwa sauti ndogo, "Papa, hii iko ya mama yangu."

Mzee hakugeuka. Hapo wangeokota waende, na mambo yangeishia pale. Lakini mimi nilisimama. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu kwamba binti yangu anaolewa, na damu ilinipanda. Nikasema, tena kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba kukosa dhahabu si dhambi, ila anayepiga namba ya uongo kwenye shaba na kuileta mbele ya wazee ni mwizi, na mimi sizai watoto wa kuwapa wezi. Mjomba akaokota bangili. Kijana aliinama akachukua viatu vyake akatoka navyo mkononi.

Usiku Zaina hakula. Asubuhi aliniambia, "Baba, mimi nitavaa hata ya shaba." Nikamwambia anyamaze, hajui dunia. Kijana akaomba kuhamishwa, akapelekwa Nyunzu. Tangu siku ile Zaina hakuja tena barazani. Chakula changu alikipika alfajiri, akakifunga kwenye sufuria, niende nacho mwenyewe. Wakaja wachumba wawili, watu wazuri wenye mali, akawakataa kwa heshima, macho chini. Mwaka wa pili tukasikia yule kijana ameoa huko Nyunzu, kisha ana mtoto. Zaina alikuwa anapepeta unga nilipomwambia. Akaendelea kupepeta.

Na mzee naye akabadilika, ila sikuunganisha mambo. Akaanza kusugua kila kitu mahali patatu, panne, mpaka watu wakalalamika anawakwaruzia vyao. Mkeka akaukunja, akawa anasema kwa mdomo: hii kweli, hii si kweli, na nimeisugua hapa na hapa. Wazee wakanung'unika kwamba Papa Sonara ameingiwa na utovu wa adabu. Nikasema ni uzee. Kisha macho yakawa hayaoni mstari vizuri, akaacha kuja, na nafasi yake barazani akaipata muuza chumvi.

Nilikuwa sijamwona miezi mingi alipokuja nyumbani kwangu. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Alikuja kwa miguu na fimbo, peke yake, na kutoka kwake mpaka kwangu ni mwendo. Zaina alikuwa uani, anatoa mchanga kwenye ndagala. Nilimpa mzee kiti, nikamwuliza afya, akasema ameamka. Halafu akaigeuzageuza fimbo yake katikati ya magoti.

Aliniambia hivi. Mwezi mmoja baada ya siku ile, Ijumaa nilipokuwa msikitini na yeye mguu ulimkataza kwenda, mjomba wa kijana alifika barazani. Alikuwa amevuka mpaka Kigoma kuuza ndagala zake, na bangili akaenda nayo. Mhindi wa kule aliikata vipande viwili ili aipime. Zamani, kabla hata kijana hajazaliwa, bangili ile ilivunjika, na fundi fulani wa kijijini akaiunga kwa shaba, upande wa ndani, pembeni kabisa mwa namba. Ukiacha kile kiungo, chembe zote zilikuwa dhahabu ya namba yake. Mjomba alivilaza vile vipande juu ya mkeka mbele ya mzee. Hakusema neno. Akamngoja asugue, akaviokota, akaondoka.

"Nilisugua juu ya kiungo," mzee alisema. "Mara mbili, pale pale. Sababu ya adabu yangu, ya kutogusa upande wa nje."

Nikamwuliza, miaka mitatu? Tumekaa bega kwa bega, unanisikia nikikusifu kwa watu, na unapuliza moto tu?

"Niliogopa," alisema. "Nimesoma dhahabu ya muji muzima. Nikisema nimekosa moja, watu watarudisha zote. Na wewe hukuniuliza. Kila siku niliamka nikisema, leo ataniuliza nilisugua wapi, na nitasema. Hukuuliza."

Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule. Niliitazama ile mikono yake yenye madoa ya maji makali na nikataka kumwambia atoke. Yeye akaniomba nimwite binti. Sikuwa na haja ya kumwita. Alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, amekwisha sikia.

"Mutoto wangu," mzee akamwambia, na akajaribu kusimama, fimbo ikateleza, akasimama hivyo hivyo. "Bangili ya yule kijana ilikuwa dhahabu. Mimi njo nilikosa. Nimekuja kusema kwa kinywa changu."

Zaina akauliza, "Yote?"

"Yote. Isipokuwa pale ilipoungwa."

Akatikisa kichwa polepole. Akaweka ungo chini, akamshika mzee mkono, akamrudisha kwenye kiti. Hapo mimi nikaanza. Nikasema, unaona, mwanangu, unaona huyu mzee alivyotuharibia, kijana wa watu mwaminifu, na neno lake moja likatufanya tumwite mwizi.

Zaina alikuwa bado amemwinamia mzee. Akageuka kunitazama, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka tu, kama wa mtu aliyebeba maji kutoka mbali.

"Baba," akasema, "nilikuwa pale ukutani. Papa Sonara hakufungua mdomo siku ile. Maneno yote yalikuwa yako."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anaona haya kwa ajili yangu, na hilo lilinichoma kuliko yote. Zaina akaenda jikoni, akarudi na bukari na ndagala, akamnawisha mzee mikono, na kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri akamwekea vidole kwenye sahani vijue chakula kiko wapi. Mzee akala. Kisha Zaina akanitengea na mimi.

Mzee alipoondoka nilimfuata binti yangu uani. Nilimwambia mimi ndiye niliyekosa, si bangili wala jiwe, na kwamba naomba msamaha wake. Alikuwa anaanua nguo. Alizikunja zile mbili tatu alizokuwa nazo mkononi kabla hajanijibu.

"Nimesikia, Baba," akasema, akanipa kanzu yangu niishike, akaendelea na zilizobaki.